Nani atakutilia sahihi ukilala hoi?

Msomaji mpenzi, yako mazungumzo ambayo katika nyumba zetu nyingi huhesabiwa kuwa uchuro. Mwana akimwuliza babake ni nani atakayesimamia pesa zake iwapo atazidiwa na maradhi, hukaripiwa kwamba ameanza kumwombea mzee mabaya. Mke akiuliza swali lilo hilo, mashemeji hunong'onezana kwamba ana njama. Basi jambo hilo hufunikwa, watu wakala chajio na kwenda kulala.

Siku hizi wengi wamezoea kuandika wosia, na hilo ni jema. Lakini wosia hausemi neno mpaka mwenyewe awe amefariki. Baina ya uzima na kaburi pana pahali pengine ambapo wengi wetu tutapitia, napo ni kitanda cha hospitali. Hapo ndipo familia nyingi za mjini huumbuka.

Chukua mfano wa mzee aliyestaafu anayeishi mtaani Buruburu. Malipo yake ya uzeeni yamo benki, na mwenye kutia sahihi ni yeye peke yake. Usiku mmoja anapatwa na kiharusi. Kunapambazuka hasemi wala hatambui watu, na hospitali inadai pesa. Mkewe wa miaka thelathini anakwenda benki na vitambulisho viwili na cheti cha ndoa, na karani anamwambia kwa upole kwamba hawezi kumpa hata shilingi moja. Karani huyo hajakosea. Ndoa peke yake haimpi mtu ruhusa ya kutoa pesa katika akaunti ya mwenzake. Jioni ile watoto wanaanza kupiga simu huku na huku, harambee inaitishwa, na watu wenye shida zao wanachanga ilhali pesa za mzee zimelala benki tuli.

Je, dawa ya masaibu kama haya ni ipi? Wengi watajibu kwa haraka kwamba ni hati ya uwakilishi, ile ambayo mjini wengi wamezoea kuiita pawa ya atoni. Jibu hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote, na ndiyo sababu leo tunalichambua.

Hati ya uwakilishi ni maandishi ambayo kwayo mtu mzima mwenye akili timamu humpa mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yake. Mwakilishi huyo si lazima awe wakili wa mahakamani. Anaweza kuwa mke, mume, binti, ndugu au rafiki. Hati zenyewe ni za aina mbili. Iko ya jumla, inayompa mwakilishi idhini ya kushughulikia karibu mambo yote ya mtoaji. Na iko ya jambo maalumu, kwa mfano kuuza ploti moja ya Kitengela, kupokea kodi ya nyumba za kupangisha, au kusimamia kesi fulani. Kwa watu wengi hii ya pili ndiyo salama zaidi, kwa sababu mwakilishi hana ruhusa ya kuvuka mpaka uliowekwa. Ukimpa mtu funguo za jikoni, hujampa za chumba cha kulala.

Utaratibu wake si mgumu. Hati huandikwa vyema na wakili, mtoaji akatia sahihi mbele yake huku akijua anachokifanya, vitambulisho vikaambatanishwa na ushuru wa stempu ukalipwa. Ikiwa hati inatoa mamlaka ya kuuza au kuhamisha ardhi, basi iandikishwe katika rejista ya hati kama hizo kwenye ofisi ya ardhi, kama inavyoelezwa katika kifungu cha 48 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012. Mwana aliye ng'ambo naye anaweza kutia sahihi mbele ya mthibitishaji wa hati au afisa wa ubalozi wa Kenya huko aliko, kisha akaituma nyumbani. Tena, kabla ya kutegemea hati hiyo benki, nenda ukaulize. Benki nyingi zina fomu zao wenyewe za kumruhusu mtu mwingine kuendesha akaunti, na ni heri kuijaza ukiwa mzima kuliko kubishana dirishani siku ya msiba.

Sasa tufike penye mtego. Hati ya kawaida ya uwakilishi husimama juu ya akili ya aliyeitoa. Mwakilishi ni mkono tu. Mwenye mkono akipotewa na uwezo wa kuamua, mkono nao hukosa nguvu kisheria. Uingereza, ambako tuliirithi kanuni hii, ilipitisha sheria mwaka 1985 ya kuruhusu hati inayodumu hata baada ya mtoaji kupotewa na akili, ikaibadilisha kwa nyingine ya mwaka 2005. Hapa kwetu hati ya kawaida ingali inafuata kanuni ile ya zamani. Kwa hivyo mzee wetu wa Buruburu, hata kama angalikuwa ameandika hati, mkewe asingaliweza kuitegemea maadamu mumewe hatambui watu.

Familia ikifika hapo, njia iliyobaki ni kwenda Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Afya ya Akili, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, kuomba mtu ateuliwe kusimamia mali ya mgonjwa. Ripoti ya daktari huhitajika, jamaa wengine husikizwa, na anayeteuliwa huwajibika kwa mahakama. Ni njia ya haki, lakini inakula muda na pesa, na hospitali haingoji.

Hata hivyo, tusichanganye ulemavu wa mwili na upotevu wa akili. Mtu aliyepooza mkono lakini anaelewa aelezwalo bado ana haki zake zote. Anaweza kusomewa hati, akaeleweshwa, na akaweka alama ya kidole gumba mbele ya wakili. Hati aliyoitoa awali pia hubaki na nguvu. Wengi wenye maradhi ya miguu, macho au uzee wa kawaida wako katika kundi hili, nao hati ya uwakilishi huwafaa sana.

Kwa wale wanaohofia hali ya mzee wetu, kinga ni kupanga mapema. Mke na mume wanaweza kufungua akaunti ya pamoja ambayo kila mmoja ana idhini ya kutoa pesa peke yake, na kuweka humo akiba ya matibabu. Ulizeni benki kanuni zake ni zipi iwapo mmoja wenu atashindwa. Andikeni pia orodha ya akaunti, chama, bima na hatimiliki, na mahali zinapowekwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Jambo jingine linalowatia watu matatani ni kifo. Mtoaji akikata roho, hati ya uwakilishi nayo hufa dakika ile ile. Kuanzia hapo mali ni ya mirathi, na msimamizi wake hutambuliwa na mahakama. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinakataza mtu asiye na idhini kuingilia mali ya marehemu, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au zote mbili. Anayekimbilia mashine ya benki na kadi ya marehemu, au kuhamisha pesa za simu yake kwa sababu tu aliijua nambari ya siri, ajue kwamba nambari ya siri si idhini ya sheria.

Je, na matibabu? Hapa habari ni njema kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Afya ya mwaka 2017 kinasema kwamba mgonjwa asipoweza kutoa ridhaa mwenyewe, ridhaa inaweza kutolewa na mtu ambaye mgonjwa alimpa mamlaka hayo kwa maandishi. Asipokuwepo mtu kama huyo, wala aliyeidhinishwa na sheria au mahakama, ndipo jamaa wa karibu huulizwa. Katika dharura daktari hangoji sahihi ya mtu, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.

Maandishi hayo ndiyo yanayoweza kuzuia ule ugomvi wa ushoroba wa hospitali, mke akisema mgonjwa apasuliwe, ndugu wa mume wakisema arudishwe nyumbani. Andika jina la umwaminiye, nambari ya kitambulisho na simu yake, na jina la mwingine iwapo wa kwanza hapatikani. Eleza unayotaka na usiyoyataka. Tia sahihi mbele ya mashahidi, kisha umpe mhusika nakala na nyingine iwekwe katika faili yako ya hospitali. La muhimu zaidi, kaa naye umweleze, maana karatasi haiwezi kujibu kila swali la daktari.

Na ni nani wa kuchagua? Desturi humtaja kifungua mimba, lakini sheria haimtaji. Chagua mwenye uaminifu, mwenye hesabu, na asiyeyumbishwa na makelele ya jamaa. Si lazima anayeshika pesa awe ndiye anayeamua matibabu. Ukipenda, teua wawili watie sahihi pamoja. Mwakilishi naye akumbuke kwamba pesa hizo si zake. Asizichanganye na zake, asijiuzie mali aliyokabidhiwa, na aweke risiti. Wala hati haimpi nguvu ya kuuza nyumba ya ndoa bila idhini ya mke au mume wa mtoaji, kwa kuwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inaitaka idhini hiyo.

Wazee wetu nao, msikubali kuweka kidole kwenye karatasi msiyosomewa, hata iletwe na mwana wa kuzaa. Kikulacho ki nguoni mwako. Ukigundua umemwamini asiyefaa, na ungali na akili zako, futa hati kwa maandishi. Mjulishe mwakilishi, benki na ofisi ya ardhi bila kukawia, kwa maana asiyejua kwamba umeifuta ataendelea kuiheshimu.

Nanyi wanafunzi mliotimiza miaka 18, msidhani haya ni ya wazee pekee. Sheria inawaona kuwa watu wazima, na sahihi ya mzazi si yenu tena. Anayekwenda kusoma ng'ambo amwachie mamake hati ya jambo maalumu, na kila mmoja aandike ni nani wa kuulizwa akipata ajali barabarani.

Leo ni Jumapili na huenda familia imekutana. Chakula kikiisha, kabla ya vyombo kuondolewa, mwulizeni baba, mwulizeni mama, kila mmoja amtaje anayemtaka. Atakayesema kwamba ni uchuro, mwambieni kwamba ugonjwa haubishi hodi.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.