Nani Yumo Ndani ya Deraya?

Wiki hii tuliketi tena na watoto kutazama kisa cha kwanza cha katuni ya Scooby-Doo, kilichorushwa Marekani Septemba 13, 1969. Tangu udogoni tulikuwa tukikumbuka deraya nyeusi tu, lile vazi la chuma linalosemwa hutembea lenyewe mwezi ukipevuka.

Safari hii tumekitazama kama wazazi. Profesa wa mambo ya kale ametoweka, na deraya aliyokuwa akiipeleka makumbusho imebaki garini. Vijana wanne na mbwa wao wanaogopa, wanakimbia, kisha wanarudi kuchunguza. Kumbe aliyemo ndani ya vazi lile ni msimamizi wa makumbusho mwenyewe. Alikuwa akiuza picha za asili na kutundika za kughushi, naye profesa angeligundua jambo hilo.

"Kumbe ni mwenye funguo!" akasema mdogo wao.

Sisi tunaamini kuwapo kwa majini. Qur'ani imewataja, na ipo sura yenye jina lao. Hiyo si ruhusa ya kuwasingizia kila kinachopotea nyumbani. Suratul Hujuraat, aya ya 6, inatuamuru kuhakikisha habari. Mara ngapi mtoto amesema anamwogopa mtu fulani, tukamjibu kuwa ni ndoto, tukamsomea Ayatul Kursiy na kumlaza?

Kumsomea hatujaacha. Ila tangu kisa kile, tukishamaliza tunamuuliza ni nani, na taa haizimwi hadi aseme yote.