Bwawani tuwekewe mahali pa kubadilishia nguo

Mhariri,

Kila likizo ya shule mabwawa ya kuogelea hapa Dar es Salaam hujaa wasichana, na kila mara nasikia kina mama wakiwatisha kwamba maji yale yatawapa fangasi ukeni. Maji yenye klorini ya kutosha mara chache huwa chanzo. Tatizo ni nguo mbichi ya kuogelea kukaa mwilini mchana kutwa, msichana akila chipsi na kupiga soga. Fangasi hustawi kwenye joto na unyevu.

Wenye mabwawa, tunaomba vyumba vyenye komeo, maji ya bomba na ndoo ya taka yenye mfuniko kwa walio hedhini. Tunakokwenda sisi pazia limechanika, na binti yangu hakubali kuvua nguo pale. Hupanda daladala na nguo mbichi ndani ya dera!

Nanyi dada zangu, acheni kujiosha ndani kwa sabuni na manukato baada ya kuogelea. Uke hujisafisha wenyewe, na sabuni huua bakteria wanaoulinda. Osheni nje tu kwa maji safi. Muwasho ukizidi au ute ukibadilika harufu, nendeni zahanati mkapimwe kabla ya kununua dawa.

Mama wa mabinti wawili,
Dar es Salaam