Diploma ya lugha na sare ya polisi

Tangu Rais wa Jamhuri alipowaita vijana wajiandikishe jeshini, tarehe 3 Novemba 2022, swali ambalo zamani tuliliachia vijana wasio na shule limeingia katika oditwari zetu. Baada ya Goma kuanguka mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu wiki chache baadaye, limeingia kwa nguvu zaidi. Katika promosheni yangu wako watatu waliokwisha kwenda. Wengine wanalizungumza usiku, kwa sauti ya chini, kama watu wanaozungumza juu ya ugonjwa. Mimi pia ninalipima. Ninaandika kwa sababu naona sisi wa fakulte ya lugha tunaliuliza vibaya. Tunauliza mshahara ni kiasi gani, hatari ni kiasi gani, mama atasema nini. Hatuulizi jambo ambalo tungelijua kuliko wanafunzi wengine wote: tutatumika kwa lugha gani, na maneno ya nani yatapita mikononi mwetu?

Habari ya mshahara niimalize upesi. Mwezi wa Machi 2025 Rais alitangaza kwamba mshahara wa askari na wa polisi utaongezwa mara mbili, na wengi waliinua kichwa waliposikia. Lakini kila mtu aliyekulia karibu na kambi anajua jinsi familia zinavyoishi mle: chumba kimoja, pazia katikati, mama anauza makala mbele ya mlango. Anayekwenda kwa sababu ya franga ana haki yake, njaa si aibu. Asituambie tu kwamba anakwenda kwa ajili ya bendera.

Mambo yanayonisumbua mimi yameandikwa katika sheria, kwa Kifaransa, na wengi wanaojiandikisha hawajayasoma. Kwanza, anayevaa sare katika nchi yetu hapigi kura. Pili, kifungu cha 156 cha Katiba ya 18 Februari 2006 kinamweka polisi, sawasawa na askari, chini ya mahakama za kijeshi. Jambo hilo lina historia yake: mwaka 1972 Mobutu aliifuta polisi akaiingiza katika jandarmeri, na ingawa leo polisi ina sheria yake mbali na jeshi, hakimu wake ni yule yule. Na hakimu huyo si wa mchezo. Machi 2024 serikali iliondoa zuio la kutekeleza adhabu ya kifo lililokuwapo tangu 2003. Julai mwaka huo, katika Kivu ya Kaskazini, askari 25 walihukumiwa kufa kwa kosa la kukimbia mbele ya adui.

Halafu kuna kifungu cha 28, ambacho ninakipenda na kukiogopa pamoja. Kinasema hakuna mtu anayelazimika kutimiza amri iliyo wazi kwamba inavunja sheria. Vizuri sana. Lakini sentensi yake ya mwisho inaongeza kwamba mzigo wa kuthibitisha ubaya wa amri unamwangukia yule anayekataa. Tuisome polepole, sisi tunaojidai wasomaji. Kijana wa miaka 24, usiku, mbele ya mkubwa wake, ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Na athibitishe kwa lugha gani?

Kwa Kilingala, bila shaka. Jeshi letu lilizaliwa katika Force Publique ya mfalme Leopold II, na tangu zama hizo Kilingala kilikuwa lugha ya kambi. Jina limebadilika mara nyingi: ANC baada ya uhuru, FAZ chini ya Mobutu, FAC mwaka 1997, FARDC baada ya mapatano ya Sun City. Lugha imebaki. Katiba inataja lugha nne za taifa na haisemi popote kwamba mojawapo ni ya bunduki, mazoea yameamua. Kwa mtoto wa Katanga au wa Kivu, Kilingala kinamfikia kwa njia mbili, wimbo na askari. Cha wimbo anakicheza, cha askari anakikimbia.

Kiswahili nacho kina maneno yake ya silaha, ila angalieni yanataja nani: Mai-Mai, kadogo wa 1997, Wazalendo wa leo. Ni majina ya watu waliobeba silaha nje ya kambi, au kabla kambi haijawapokea. (Hapo kuna kazi nzuri ya mwisho wa masomo. Anayeitaka aichukue.) Na mwaka 1998, vita vilipokaribia Kinshasa, kusema Kiswahili barabarani kulitosha mtu atazamwe kama mwasi.

Sisi wa Lubumbashi tuna sababu ya ziada ya kusita. Usiku wa tarehe 11 kuingia 12 Mei 1990, watu wenye silaha waliingia katika kampasi na kuwashambulia wanafunzi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hata leo. Ubelgiji ulisimamisha ushirikiano wake na Zaire kwa sababu ya usiku ule. Wanaousimulia wanasema kulikuwa na neno la siri, lititi: aliyelijua aliachwa apite, asiyelijua alibaki mikononi mwao. Ni neno moja tu. Tunafundishwa fonetiki katika chuo ambacho namna ya kutamka neno moja iliwahi kuamua nani atatoka chumbani.

Kwa hiyo jeshi, kwangu, hapana. Sisemi kwa dharau. Nchi ina vita, na walioko mbele wanaulinda hata utulivu huu ninaoandikia. Lakini jeshi halihitaji kitu nilichojifunza hapa kwa miaka mitano. Linahitaji mwili, na kuna miili iliyo bora kuliko wangu.

Polisi ni jambo lingine, na sababu yake ni kifungu cha 18 cha Katiba ile ile. Kinasema mtu aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake na mashtaka anayoshtakiwa, katika lugha anayoielewa. Kinasema pia asizuiwe polisi zaidi ya saa 48. Watu wa haki za binadamu wanapenda kutaja zile saa 48. Mimi ninashikwa na yale maneno mengine, lugha anayoielewa, kwa sababu hapo Katiba imeomba kazi yetu na sisi hatukuitika.

Nieleze ninavyoiona. Mwaka jana nilimsindikiza mama mmoja wa kartye yetu mpaka komisaria fulani ya mji. Alikuwa ameteswa na mwanaume anayemjua. Alisema mbele ya OPJ: «Alinishika na nguvu.» Kila mtu aliyezaliwa upande huu wa nchi anajua maneno hayo yanabeba nini, mwanamke hasemi zaidi ya hapo mbele ya wageni. OPJ, ambaye hakuwa mtu mbaya, ametoka mkoa mwingine na Kiswahili chake ni cha soko. Aliandika katika PV: «Il m'a touchée.» Kisha akamsomea kwa Kifaransa, haraka, akamwonyesha mahali pa kutia kidole.

Kati ya alichosema yule mama na kilichoandikwa kuna umbali wa miaka. Sheria ya 20 Julai 2006 inaadhibu ubakaji kwa kifungo cha miaka 5 hadi 20. Kumgusa mtu, kama ilivyoandikwa pale, ni jambo la kuonyana na kupatanishwa. Nikasema: «Shefu, samahani, mama hakusema hivyo.» Akaniuliza kama mimi ni avoka wake. Nikamwambia hapana, mimi ni mwanafunzi wa lugha. Walicheka, yeye na mwenzake, na sikuwalaumu, jibu lenyewe linachekesha. Lakini baada ya kucheka aliuliza: «Basi amesema nini?» Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema karatasi imekwisha, ya kuandikia upya ni ya kununua. Tulivuka barabara tukanunua karatasi kwa mama muuza vitu vya shule, na PV ikaandikwa mara ya pili.

Sikufanya jambo la ajabu. Nilitafsiri maneno matatu ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeyatafsiri. Lakini fikirini ni PV ngapi zinazoandikwa kila siku, kutoka hapa mpaka Kalemie, mpaka Bunia, bila mtu wa kusema samahani. Chukueni kitenzi kukamata. Katika Kiswahili chetu ni kuchukua, ni kupokea, ni kushika, ni kumfunga mtu. «Alikamata simu yangu»: aliinyang'anya? Nilimpa akaipokea? Aliiokota mezani? Kiswahili kinaacha mlango wazi kwa sababu wasemaji wawili wanajuana na wataelewana mbele. Kifaransa kinataka kuchagua, prendre, recevoir, arracher, na anayechagua ni polisi, peke yake, saa kumi na mbili ya jioni, taa haiwaki. Mwizi anaweza kuzaliwa pale pale, kwenye kalamu. Na faili likishafika parke, majaji hawana sauti ya yule mama wala ya yule kijana mwenye simu. Wana Kifaransa cha OPJ.

Mjomba wangu ni polisi tangu kabla sijazaliwa, na nilipomweleza haya yote alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hafanyi kwa kila mtu. Kisha akasema: «Mwipwa wangu, nani amekuambia utapewa kalamu? Utaanza na bunduki na kona ya barabara. Kalamu ni ya wenye watu.» Aliongeza la matabishi. Alisema siku ya kwanza kukataa ni rahisi, hata siku ya kumi. Siku ya arobaini mtoto wako ana homa, karatasi ya ofisi unainunua mwenyewe, na anayekupa franga anakuita papa kwa heshima. Sina jibu la kumshinda katika hilo. Namwamini kuliko ninavyoamini matangazo ya kuandikisha vijana.

Lakini yeye mwenyewe, kabla ya kulala, alinipa hoja bila kutaka. Alisimulia kwamba katika komisaria anayotumikia kuna mwenzao mmoja anayejua Kiluba cha Kasai vizuri sana, na kwamba watu wa Kasai wakija na mashtaka hukaa kwenye benchi wakimngoja yeye, hata saa tatu, hata kama maofisa wengine wamekaa bure. Hakuna aliyewaambia wamngoje. Nilimwuliza kama mtu huyo anachukua matabishi. Mjomba akasema: «Kama sisi wote.» Na bado wanamngoja.

Kuna mwalimu wetu mmoja anayesema kijana wa lugha akivaa sare fakulte imepoteza mtu. Ninamheshimu, ila ningependa aniambie inampeleka wapi asipopotea. Tunajua foleni iliyo mbele yetu: shule za sekondari zimejaa walimu wanaoitwa nouvelles unités, wanaofundisha miaka bila jina lao kutokea katika orodha ya mshahara. Wengine tutaishia kuandika mialiko ya ndoa. Hizo si kazi za aibu, lakini kazi ya kuandika neno la mtu kama alivyolisema si aibu kubwa kuliko hizo.

Tena fakulte ina sehemu yake. Tunatafsiri mashairi, tunatafsiri hotuba za wakubwa, na mtihani unatuuliza mitindo ya tafsiri kwa nadharia. Hatuna hata saa moja ya kutafsiri ushahidi: jinsi ya kuandika maneno yenyewe kwanza, Kiswahili kwa Kiswahili, na Kifaransa chini yake, jinsi ya kumsomea mtu katika lugha yake kabla hajatia kidole, jinsi ya kuandika «amenyamaza» pale alipobaki kimya. Stajie zetu zinafanyika redioni na shuleni. Ingekuwaje baadhi yetu wangetumwa wiki sita katika parke, kukaa kando ya griffier na kusikiliza? Mkuu wa fakulte akiandika barua, anayeipokea anaweza kuikataa. Ila barua haijaandikwa bado.

Nimeamua kujaribu polisi, njia ya polisi ya mahakama, na si nyingine. Wakinipeleka kona ya barabara nitahesabu mwaka mmoja na kuomba kuhamishwa. Mjomba anasema hakuna mtu anayeiwekea serikali masharti. Pengine. Faili langu lina cheti cha kuzaliwa, cheti cha utaifa, nakala ya diploma na karatasi ya tabia njema. Imebaki ya daktari, ambako macho yangu yanaweza kumaliza mjadala huu wote kwa dakika tano. Mama hajaambiwa. Mjomba anakuja kula kwetu Jumapili, na amekubali kwamba ataanza yeye kusema.