Msitusubiri sisi, mwahisheni mtoto hospitali



Masika ya Kyela mnayajua: Kiwira na Mbaka zikifurika, mashamba ya mpunga hufunikwa na maji, na mbu hawana idadi. Ndiyo majira ambayo sisi mapadre hugongewa mlango usiku. Mara moja aliletwa kwetu mtoto wa wiki tano, mwili ukichemka, hajanyonya tangu asubuhi. “Padre, mbatize kwanza,” bibi yake alisihi, “hospitali tutakwenda kukicha.” Tulimbatiza, lakini kukicha hatukukungojea. Tuliwasha gari.

Imani ya bibi yule twaiheshimu. Hata hivyo, kumpitisha mgonjwa parokiani kwanza ni kumnyima saa alizozihitaji. Kanuni ya 867 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yaagiza mtoto aliye katika hatari ya kufa abatizwe bila kukawia. Na ile ya 861 yamruhusu mtu yeyote mwenye nia sahihi kubatiza panapo dharura. Bibi mwenyewe angeweza, wakiwa njiani.

Mafua mepesi au kucheua maziwa kidogo, huku mtoto ananyonya vema, kwaweza kuangaliwa nyumbani. Lakini mtoto wa chini ya miezi miwili akiwa na homa, au mwili ukiwa wa baridi isivyo kawaida, akikataa ziwa, akilegea, viganja vikiwa vya manjano, kitovu kikitoa usaha, kifua kikibonyea ndani, au akipumua mara 60 na zaidi kwa dakika, hapo hakuna kungoja kukicha. Akina baba, pikipiki ikodishwe usiku huohuo. Wengi wenu hutafuta nauli baada ya ushauri wa ukoo kwisha!

Na degedege je? Wapo wanaoiita shetani, wakamfukiza mtoto kwa kinyesi cha tembo. Mara nyingi ni malaria, na huthibitishwa kwa kupima damu; yaweza pia kuwa homa ya uti wa mgongo. Mlazeni ubavu, msimtie kitu kinywani, mwondoke.

Mkilazimika kubatiza njiani, mwageni maji juu ya kichwa mkisema: “Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.” Kisha tuleteeni jina liandikwe kitabuni. Ibada zilizosalia tutazikamilisha kanisani, mtoto akipona.