Diploma ya ujenzi iko, shantie iko wapi?

Bandugu vijana wa Kikula, Panda, Shituru na komine Likasi,

Wadogo wetu wenye wametoka kupata diploma ya Serikali wanatuuliza: "Ba yaya, tujiandikishe ku ujenzi?" Tunawajibu ndiyo, hata kama sisi wenyewe tumemaliza na tunakaa paka nyumbani.

Kazi yenyewe iko. Tembea Kikula mvua ikiisha kunyesha: kanivo zimejaa mchanga, maji inakata njia, kuta za matofali zinalala. Na kule njia ya taifa namba 1, kati ya Lubumbashi na Kolwezi, malori ya madini yanapita kwetu usiku na mchana. Ekseli ikibeba mzigo mara mbili, inaumiza njia karibu mara 16. Mji kama huu hauwezi kusema mainjenia wamezidi.

Kwenye inakwama ni hapa: kila tangazo linaomba miaka 3 ya uzoefu. Utaipata wapi? Betoni tumejifunza ku ubao. Kilo 350 za simenti kwa mita kyubu, ni kusema mifuko 7 ya kilo 50, halafu unangoja siku 28 ndipo uvunje vipande kupima nguvu. Tunajua kwa kichwa, lakini wengi wetu hatujaona ile mashini ikivunja hata kipande kimoja. Fundi mwashi mwenye hakumaliza shule ya msingi anafinya mchanga mu mkono na anajua kama uko na udongo. Hatumuonei wivu. Tunataka kusimama pembeni yake, na plani zetu, tufundishane. Staji zenye tulipewa zilikuwa za kupiga fotokopi na kutuma maji, transpoti mfukoni mwako. Na bila ndugu ndani ya kompani, hata hiyo haupati.

Pesa za shantie zimeandikwa mu sheria. Kodi ya madini ya 2018 inagawa redevansi: 25% kwa jimbo, 15% kwa miji, komine, sekta na shefferi za kule madini yanatoka. Tena kampuni ya madini inatoa angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wenyeji. Sheria ya 8 Februari 2017 nayo inawekea kompani zenye mtaji wa Wakongomani zile kazi ambazo kompani kubwa zinagawa. Hizo pesa njo zinajenga masomo, vituo vya afya, kanivo.

Basi tunadai hivi. Kila mkataba wa ujenzi wenye unalipwa na pesa hizo uandike hesabu ya bastajiari wa hapa: miezi 6 kwa uchache, transpoti ilipwe, na ku mwisho hati ya uzoefu isainiwe. Kando ya bei ya betoni, hiyo ni pesa kidogo sana. Na meya pamoja na bakubwa wa komine wabandike ku ukuta wa biro: shantie gani, pesa ngapi, kompani gani. Ukuta wa ndani hatutaki. Ule wa njiani.

Mwenye alisoma ujenzi, topografia ao barabara, atuletee jina, mwaka wa kumaliza na komine yake. Tunafanya orodha moja ya komine zote 4. Tutaipeleka kwa meya kwa miguu, kopi moja kwa kila komine, na tutaomba akuze reception ya mapokezi.