Barua za Nyumbani Tanga: Tuandikiane Habari za Watu

Ndugu zetu wanachama,

Twaomba nafasi ya kusema neno juu ya barua tunazoandikiana sisi tuliosoma pamoja Tanga, ambao kazi imetutawanya huku na huku. Karani hana mji: leo yu hapa, kesho hupewa hati ya uhamisho. Kwa hiyo barua itokayo nyumbani ndiyo macho yetu. Lakini twaona barua hizo zina upungufu, maana zasimulia majengo, hazisimulii watu.

Habari zenyewe ni njema, wala hatuzikatai. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali, na shehena ikaletwa pwani kwa matishari. Kwa kazi iliyoanza mwaka 2019 bandari ilichimbwa, na gati likaongezwa kina, hata meli zaweza kufunga gatini. Tena huko Chongoleani, mwezi wa Agosti 2017, liliwekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta litokalo Hoima katika nchi ya Uganda, mwendo wa kilomita 1,443. Mwenzetu mmoja alitujazia kurasa mbili kwa mambo hayo. Tulipomwuliza ni vijana wangapi wa mtaa wetu waliopata kazi huko, na kazi gani, hakuwa na jibu.

Swali hilo si dogo, kwa kuwa mji wetu umekwisha kuonja utajiri wa namna hii. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mwaka ule ule reli ilianza kujengwa kutoka Tanga, nayo ikafika Moshi mwaka 1911. Miche ile michache ikazaa mashamba yasiyo na mwisho machoni, hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha zikaja nyuzi za viwandani, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakaota magugu. Mtu aliyefundishwa kukata majani ya mkonge tu alibaki na panga mkononi, hana pa kulipeleka.

Mkonge haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuhesabu tani na kusahau kuhesabu mafundi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi ni watu wa daftari. Basi twashauri hivi. Kila amwandikiaye mwenzake ataje mambo matatu: nani amepata kazi, na ni ya ufundi au ya kubeba mizigo, mtoto gani ameacha shule, na kwa sababu gani, na nani afundisha vijana kazi ya mkono au ya hesabu. Tukiyajua hayo, mwenye uwezo atajua amsaidie nani.

Tusione haya kuanza na wachache. Chama cha watumishi wa serikali Waafrika wa Tanganyika kilianzishwa pale pale Tanga mwaka 1922, na mwanzilishi wake, Martin Kayamba, alikuwa karani kama sisi.

Gati litasimama hata tusipoliandika. Kijana asiyeandikwa hupotea.

Wasalaam,
Sisi wenzenu wa Tanga