Nani yuko kwenye orodha yako?

Haya wadau, leo naweka siasa pembeni kidogo. Nina dukuduku na hii tabia yetu ya kubofya "Ruhusu".

Wiki iliyopita nilifungua antivirusi ya laptopu yangu, sehemu ambayo kwa kawaida siigusi. Kuna orodha pale ya vitu ambavyo antivirusi imeambiwa isivikague. Nikakuta diski D imo. Yote! Ndiko ninakoweka sauti za mahojiano, picha, na majina ya watu walionieleza mambo kwa sharti kwamba wasitajwe. Yaani nimeajiri mlinzi, halafu nikamwambia asikanyage chumba chenye mali.

Aliyeiweka ni nani? Mimi mwenyewe. Nilikuwa na programu ya kuhariri sauti iliyochakachuliwa (tusidanganyane, wengi wetu tunazo), na maelezo yake yalisema nizime antivirusi kwanza, kisha niingize folda yake kwenye orodha ya vinavyoaminika. Antivirusi inapiga kelele, mhariri anapiga simu. Nikaona uvivu kutafuta folda moja, nikaingiza diski nzima. Habari ikatoka, ruhusa ikabaki.

Hoja yangu ni hii: tatizo letu si kukosa ulinzi. Fayawoli ya Windows inakuja ikiwa imewashwa tangu Service Pack 2 ya XP, Agosti 2004. Tatizo ni kanuni tunazoziweka bila kuzisoma. Fayawoli hiyo, usipoigusa, huzuia vinavyotaka kuingia bila ruhusa lakini huachia karibu kila kinachotoka. Kwa hiyo kirusi kikishakaa ndani kinaweza kutuma mafaili yako nje bila wewe kuulizwa. Na lile dirisha linalouliza kama programu iruhusiwe kwenye mtandao binafsi au wa umma? Tunatia tiki kote kote ili lituondokee. Mtandao wa umma ndio ule wa hotelini kwenye mikutano ya waandishi, ndugu yangu.

Kuna wanaosema, mimi naruhusu programu za kampuni zinazojulikana tu, niko salama. Hapana. Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilianza kusambaa Ukraine kupitia masasisho ya M.E.Doc, programu ya uhasibu iliyotumiwa sana na makampuni ya huko. Mwaka huo huo toleo la CCleaner lenye sahihi halali ya kampuni lilitoka likiwa limepandikizwa kirusi, likaingia kwenye kompyuta zipatazo milioni 2.27. Desemba 2020 ikagundulika kwamba masasisho ya SolarWinds yalitiwa mlango wa siri, na wateja wapatao 18,000 walikuwa wameyapokea. Zote zilikuwa programu za kuaminika. Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi tutupe orodha? Hapana, tuigeuze. Badala ya kutaja wabaya, ambao hawaishi, unataja programu chache unazozihitaji na nyingine zote zinabaki nje. Serikali ya Australia imeuweka utaratibu huu kwenye mikakati yake minane ya msingi ya ulinzi wa kompyuta. Hautazuia kila kitu, SolarWinds ingepita pia. Lakini orodha ya majina kumi unaweza kuisimamia. Ya diski nzima huwezi.

Mimi nimeanza hivi. Nimeitoa diski D kwenye orodha. Nimefuta ile programu ya kuchakachua na kuweka Audacity, ambayo ni ya bure na halali. Kikibidi kuruhusiwa kitu, naruhusu faili lenyewe, si folda, na naandika kwenye daftari tarehe na sababu. Kila mwanzo wa mwezi nasoma orodha, na jina nisilokumbuka limefikaje linatoka. Ni kazi ya dakika kumi.

Najua kuna atakayesema chumba cha habari hakina hizo dakika kumi. Nilisema hivyo hivyo. Lakini mhariri anaweza kuniongezea muda, na hakuna anayeweza kumrudishia mtu jina lake likishavuja.

Nilipoikagua diski D vilikutwa virusi viwili, nadhani vya flashi. Kama kuna kilichotoka na kwenda kwa mtu, siwezi kujua. Kwa hiyo Jumatatu nilimpigia simu mmoja wa wale walioniamini, mama mmoja mtu mzima, nikamweleza ukweli. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza, "Sasa mwanangu, jina langu liko wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa.

Fungua orodha yako leo, mdau.